Kiboko, mdomo, ahadi au zamu? Njia nne za kumfunza mtoto wajibu, zimewekwa pamoja mzazi achague

Nilimtuma mwanangu mdogo dukani na shilingi elfu mbili: nusu kilo ya sukari, chenji irudi. Duka lenyewe ni nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapa Makorora. Alirudi baada ya nusu saa, sukari mkononi, midomo myekundu kama aliyepakwa rangi. Nikamuuliza mia tano iko wapi.

"Imeanguka, mama."

Ubuyu ulikuwa umemganda mpaka kwenye kola ya shati.

Kila mzazi ninayemjua Tanga hii ana jibu lake la kisa kama hicho, na majibu yote ukiyachambua yanaangukia mafungu manne. Kuna watu wa kiboko. Kuna watu wa mdomo. Kuna watu wa ahadi: ukiacha uongo nitakununulia baiskeli. Na kuna wanaofuata kile ambacho kwenye semina za walimu kinaitwa nidhamu chanya. Mimi nyumbani naiita zamu tu, kwa sababu bila zamu haisimami. Nafundisha shule ya msingi, nina wavulana wawili na binti wa kaka yangu ninayemlea, na njia zote nne nimezipita. Hiyo ya kwanza niliitumia kwa mkono mzito, sitaficha.

Kipimo ninachotumia kuzilinganisha ni kimoja. Simwangalii mtoto anafanya nini nikiwa nimesimama mlangoni. Naangalia anafanya nini siku nimeitwa msibani Muheza na nitarudi kesho yake.

Kiboko

Tukisemee haki yake kwanza. Kiboko ni cha haraka. Mwalimu mwenye watoto 90 kwenye chumba cha watoto 45 hana nafasi ya kukaa na kila mmoja chini ya mwembe. Fimbo inapita, kelele zinakatika, somo linaendelea. Anayemlaumu mwalimu huyo bila kuitaja idadi ya watoto alionao, mimi simsikilizi.

Sasa nieleze nilichokiona getini. Shule zetu zina namba. Asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, kila mwanafunzi anatakiwa awe ameshafika kwenye eneo lake, anafagia au anadeki. Anayechelewa namba anamkuta mwalimu wa zamu na fimbo. Mwaka mmoja wiki yangu ya zamu ilipofika nilikutana na msichana wa darasa la tano anayechelewa karibu kila siku. Siku ya kwanza nilimchapa viwili. Siku ya pili viwili. Siku ya tatu alikuja anatembea taratibu, akaweka begi chini, akanyoosha mkono kabla sijafungua mdomo. Alipomaliza kuchapwa alishukuru, kama walivyozoeshwa, akaenda darasani. Eneo lake la kufagia lilikuwa limeshafagiwa na wenzake.

Nilibaki nimeshika fimbo nikijisikia kama karani wa kukata tiketi. Mtoto yule hakuwa mtukutu. Alishapiga hesabu: kuchelewa ni viboko viwili, basi analipa, anaingia. Kiboko kilikuwa kimegeuka kuwa bei, na ukishalipa bei hudaiwi kitu. Majani aliyotakiwa kuyafagia hayakuwa tena shauri lake.

Baadaye nilikuja kujua kwamba alfajiri alikuwa anamsaidia mama yake kuchoma vitumbua vya biashara, na walikuwa hawana mtu mwingine. Tulimwondoa kwenye kufagia asubuhi tukampa kufunga madirisha na kumwagilia miche jioni. Kazi hiyo hakuikosa mpaka anamaliza la saba. Wenzangu wawili ofisini walisema nimemdekeza. Labda. Lakini miche ilikuwa hai.

Sheria inakiruhusu kiboko shuleni huku bara, ila kwa mipaka ambayo wengi wetu tunajifanya hatuijui. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne. Achape mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo naye. Kila adhabu iandikwe daftarini, na kosa lenyewe liwe kubwa. Kuchelewa namba si kosa kubwa, na mimi getini sikuwa na karatasi ya mtu yeyote mfukoni. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha, na inataka namna ya kumrekebisha mtoto iendane na umri wake na hali ya mwili na akili yake. Wenzetu ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, Kenya, waliviondoa viboko mashuleni mwaka 2001, na shule zao hazijafungwa.

Kuna hesabu nyingine ya kuiweka mezani. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, ulikuta karibu vijana watatu kati ya wanne nchini walipitia ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama kupigwa ndiko kunakomfanya mtu awajibike, basi zege la barabara zetu lisingekuwa linabomoka masika ya kwanza.

Siku za msiba Muheza, mtoto wa kiboko anafanya nini? Anafanya anachotaka, kisha anapanga uongo wa kesho. Kiboko kinafundisha uongo kuliko kitu kingine chochote. "Imeanguka, mama" haikuzaliwa hewani. Kaka yake mkubwa ndiye aliyemfundisha, na mkubwa alijifunza enzi ambazo mimi nilikuwa naficha mkwaju nyuma ya kabati.

Mdomo

Hapa sikai sana. Mdomo ni kiboko cha mtu aliyechoka. Unaanza saa 12 asubuhi, unaishia wakati wa kulala, na baada ya wiki mbili mtoto anausikia kama anavyosikia redio ya jirani. Wahenga walisema ukali wa jicho washinda wembe, hawakuutaja mdomo. Bibi yangu alikuwa anakuangalia mara moja tu, na unajikuta umeshika ufagio.

Tofauti moja na kiboko: alama ya fimbo inapona. "Huna akili kama baba yako" hukaa na mtoto mpaka akawa na watoto wake. Na nyumba nyingi zinazojisifu hazipigi, zinafanya hivi. Wasijihesabu kwenye nidhamu chanya.

Ahadi na zawadi

Hii ndiyo iliyonidanganya mimi zaidi, kwa sababu ina sura ya upole. Mkubwa wangu akiwa na miaka tisa nilianza kumpa mia mbili kila akiosha vyombo. Wiki ya kwanza vyombo viling'aa. Wiki ya pili aliosha mpaka masufuria ya mama mkwe wangu yaliyokuwa masafi. Mwezi wa pili nilipata wageni kutoka Pangani, nikamwita nikamwambia, "Baba, nisaidie hivyo vikombe."

Akauliza mbele ya wageni, "Vyote ni shilingi ngapi?"

Wageni walicheka. Mimi niliona aibu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeajiri kibarua wa miaka tisa, na kibarua bila malipo hafanyi kazi. Siku ya Muheza, mtoto wa zawadi anakaa, maana mwajiri hayupo.

Sisemi zawadi ni haramu. Baiskeli ya kumaliza mitihani, nguo nzuri ya Idi, hivyo ni furaha ya nyumba. Tatizo ni kulipia yale ambayo ni sehemu yake kwa sababu anakula na kulala humo ndani. Pongezi ya maneno, iliyotaja kitu chenyewe, inafika mbali zaidi: "Nimeona umeipindua karai ikauke" ina uzito kuliko "hongera mwanangu mzuri" ya kila saa.

Zamu, au nidhamu chanya yenyewe

Mambo haya hayakuanzia kwetu kwa jina hilo. Rudolf Dreikurs, daktari wa akili mzaliwa wa Vienna na mfuasi wa mwanasaikolojia Alfred Adler, aliyehamia Chicago, ndiye aliyetenganisha vizuri adhabu na matokeo. Mtoto akikataa sweta, ataisikia baridi. Hayo ni matokeo yanayokuja yenyewe. Akimwaga uji, atapangusa; hayo tumeyapanga sisi. Waliomfuata wakaweka masharti ambayo mimi nimeyabandika kichwani: matokeo yahusiane na kosa, yasimdhalilishe, yawe ya kiasi cha umri wake, na awe ameyajua kabla. Moja likikosekana, umerudi kwenye adhabu ya kawaida, hata kama umeongea kwa sauti ya asali. Kupiga magoti kwa sababu ya kusahau daftari hakuhusiani na daftari.

Lakini wazo si geni kwa wazee wetu. Chukua methali wanayoipenda watetezi wa kiboko: mchelea mwana kulia hulia yeye. Isome tena polepole. Hakuna fimbo humo. Inasema usiogope machozi ya mtoto. Hata neno tunalolitumia linatusaliti: tunasema "nimemtia adabu" tukimaanisha tumempa adhabu, kwa kuwa maneno hayo mawili yamefanana masikioni. Ni maneno mbali kabisa. La kwanza ni mwenendo mwema, la pili ni maumivu, na mtu anaweza kumimina la pili miaka kumi asipate hata tone la la kwanza.

Turudi kwenye ubuyu. Sikumpiga, na sikumuuliza tena kama imeanguka, kwa sababu kumuuliza mtoto swali ambalo jibu lake unalo ni kumtegea mtego wa uongo wa pili. Nilimwambia: "Mia tano ile ni ya nyumba, na midomo yako nimeiona. Utairudishaje?" Akanyamaza. Akaangalia kabati. Juu ya kabati kuna kibubu chake, chenye hela za mkono wa Idi, na alikuwa akikitunza kama roho yake. Tulikitikisa pamoja kwa kisu kwenye tundu mpaka ikatoka sarafu ya mia mbili, nyingine ya mia mbili, na ya mia. Alilia kuliko ambavyo angelilia fimbo. Nilikaa naye pale sakafuni akalia mpaka akamaliza. Sikumwambia "si nilikwambia".

Kilichofuata ndicho wengi wanakiacha. Kesho yake nilimtuma tena. Tena kwa noti ya elfu tano.

Mama mkwe wangu alikuwa barazani anachambua mchele. "Mwalimu, wewe! Jana kaiba, leo unampa elfu tano?"

"Mama, nikimnyima nafasi atajifunzia wapi?"

"Haya. Ikipotea usije ukanililia."

Alirudi anakimbia, chenji ameifumbata mpaka sarafu zilikuwa zimelowa jasho. Akazimwaga kwenye mkeka mbele ya bibi yake, akazihesabu kwa sauti. Bibi hakusema kitu, ila alimwita akamsogezea kipande cha muhogo.

Wajibu haujengwi na matokeo tu. Unahitaji mtoto awe na kitu chake cha kusimamia, kidogo lakini cha kweli. Wa miaka minne anaweza kupanga viatu mlangoni na kupeleka vijiko jikoni. Wa miaka saba anaosha soksi zake na kulisha kuku. Wa kumi anaweza kufuata samaki sokoni Mgandini akiwa na mkubwa wake, na kuosha vyombo vya usiku. Akifika kumi na tatu, mpe chakula cha siku moja ya wiki apange na apike mwenyewe, mvulana au msichana. Nasisitiza mvulana, maana huku pwani tunalea wanaume ambao hawajui sufuria inashikwa upande gani, kisha tunawashangaa.

Udhaifu wake sasa, maana nikiuza bidhaa lazima nioneshe na ufa wake. Wa kwanza ni muda: wiki tatu za mwanzo mambo yanaharibika kwanza. Ulikuwa unapata vyombo visafi kwa vitisho. Ukiondoa vitisho, vinalala vichafu. Wa pili ni ndugu. Wewe unamwacha mtoto asimamie kosa lake, shangazi yake anakuja na fimbo au na pipi, na yote mawili yanabomoa. Wa tatu ni wazazi wanaodhani chanya maana yake ni kujadiliana. Nimemwona mama mmoja ufukweni Raskazone akimbembeleza mtoto wa miaka mitano robo saa nzima atoke kwenye maji, jua linazama. Ule ni ulegevu. Mtoto aambiwe mara moja, mara ya pili ashikwe mkono, watoke, na keshokutwa wasije ufukweni. Wa nne ni hatari yenyewe: mtoto anayekimbilia barabara yenye bajaji na bodaboda humpi nafasi ya kujifunza kwa matokeo. Unamkamata.

Darasani je?

Nimeshasema kuhusu watoto 90. Siwezi kumwambia mwenzangu atikise vibubu 90. Ila kuna kitu kimoja cha darasani ambacho kila aliyesoma nchi hii anakijua, na ndicho nilichokibadilisha kwanza: orodha ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, kiranja anaandika majina ubaoni au kwenye karatasi, na aliyezidisha anawekewa alama pembeni, mara tatu, mara nne. Niliisimamia orodha hiyo miaka mingi mpaka nikagundua kiranja wangu ana bei: bajia mbili, jina linafutwa. Asiye na hela ya bajia ndiye aliyechapwa. Tulikuwa tunafundisha kitu kizito kuliko hesabu.

Nilimwondoa kiranja kwenye uaskari. Tukatumia vipindi viwili kuandika makubaliano ya darasa, wao wakipendekeza, mimi nikiandika. Nilitegemea "tusipige kelele". Pendekezo la kwanza, kutoka safu ya nyuma, lilikuwa "mwalimu asituite majina ya ajabu". Niliandika, mkono mzito. Kisha tukagawana kazi kwa safu: safu ya chaki na ubao, safu ya maji, safu ya kukusanya madaftari, zikibadilishana kila Jumatatu. Safu ikisahau maji, darasa zima linanawa vumbi. Hawahitaji fimbo yangu, wenzao wanawauliza.

Kelele hazijaisha. Zimepungua kiasi cha kufundishika, na nimerudisha sauti yangu. Wale wawili au watatu wasiobadilika ninazungumza nao pembeni, na karibu kila mara nyuma yao kuna jambo: njaa, macho yasiyoona ubao, nyumba yenye ugomvi. Mtoto aliyekuwa mtulivu akigeuka ghafla, usiharakishe kutafuta adhabu ya aina yoyote. Uliza. Ukisikia dalili za kuumizwa au kuchezewa, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na namba 116 ya kusaidia watoto haina malipo.

Chuoni pia, yaani madrasa. Baba alinikabidhi kwa maalim wangu kwa maneno "nyama yako, mifupa yangu", na maalim hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Wanangu nimewakabidhi kwa maneno mengine: akikosa, ustadhi, naomba uniite. Ameniita mara mbili tu. Kumbuka pia mtoto wetu anatoka shule mchana, anakwenda chuo, anarudi magharibi. Kuna uvivu mwingine ambao ni usingizi tu.

Kwa hiyo ukiniuliza uchague ipi: mwenye mtoto mdogo aanze na zamu moja kwa moja, hana cha kubomoa kwanza. Aliyezoea kiboko na mtoto ana miaka kumi na zaidi, asitangaze mapinduzi. Achague kazi moja, amwambie mtoto "hii sitaisemea wala kuipigia tena", kisha atimize ahadi hiyo hata ikimuuma. Mkubwa wangu nilimwanza na kumi na mbili. Mwezi mzima alikuwa ananipima, anaangalia nyuma ya kabati kama mkwaju bado upo. Haupo, niliuchomea mkaa. Aliyezoea kulipa, asimamishe malipo siku moja na aeleze kwa nini, atanuniwa wiki. Anayerudi kutoka kibaruani usiku, hana nguvu ya mjadala, zamu iliyoandikwa ukutani itamsaidia kuliko mdomo wake.

Yetu imebandikwa mlango wa jikoni. Jana ilikuwa ya mdogo. Asubuhi hii nimeamka nimekuta karai limejaa, vikombe vyote sita vimo, mabaki ya mihogo ya nazi yameganda pembeni. Nimeviona, nimepita. Chai iko jikoni inachemka, na mama mkwe ameshauliza mara mbili atainywea kwenye nini. Nimemwambia amuulize mwenye zamu.